Huduma ya Ubadilishanaji wa Wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Umma: Tathmini Kuanzia Meza ya Baraza hadi Hati ya Matokeo

Huduma ninayoitathmini hapa ni ubadilishanaji wa wanafunzi na wahadhiri unaotolewa na chuo kikuu cha umma kwa mujibu wa makubaliano yaliyoidhinishwa na Baraza la Chuo. Ninaandika nikiwa mhadhiri ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa mratibu wa ubadilishanaji katika idara yake: ninashiriki kuandaa rasimu za makubaliano, ninaitwa mbele ya Baraza kama mjumbe mwalikwa kuzifafanua, na mwishoni ninakaa na mwanafunzi aliyerejea ili tulinganishe, kozi kwa kozi, alichokwenda kusoma na alichokisoma. Sitakitaja chuo changu wala washirika wake, kwa sababu ninayoyaeleza yanaweza kukikuta chuo chochote cha umma chenye Baraza, Seneti (chombo cha juu cha wanataaluma) na ofisi ya uhusiano wa kimataifa.

Hukumu yangu naitoa mapema. Hii ni huduma nzuri, na mwanafunzi yeyote mwenye nafasi ya kuiomba namshauri aiombe. Hata hivyo, ubora wake hutofautiana sana kati ya mshirika mmoja na mwingine, na kwa niliyoyashuhudia, tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa jina la chuo mwenyeji wala na uzuri wa mazingira yake. Inatokana na maswali ambayo Baraza liliuliza, au halikuuliza, siku lilipoombwa kuidhinisha.

Kwanza, anachopata mwanafunzi. Kwa kawaida makubaliano ya ubadilishanaji humsamehe ada ya chuo mwenyeji: anaendelea kulipa ada nyumbani, na chuo mwenyeji kinampokea kwa muhula mmoja au miwili kama mwanafunzi wake, kwa sharti kwamba nacho kitapeleka mwanafunzi kwa masharti yaleyale. Nauli, malazi, chakula, viza na bima ya afya hubaki juu ya mwanafunzi mwenyewe, isipokuwa pale penye ufadhili. Hapa ndipo waombaji wengi wanapojikwaa mara ya kwanza, kwa kuwa orodha ya washirika wa chuo huwa ndefu na ya kuvutia, lakini haisemi ni washirika gani wana hati ya makubaliano ya jumla tu na ni wepi wana makubaliano ya utekelezaji. Hati ya jumla ni tamko la nia, ambamo vyuo viwili vinasema vitashirikiana katika utafiti, ufundishaji na ubadilishanaji. Haina idadi ya nafasi, haina tarehe za maombi, wala haimsamehe mtu ada. Kinachompeleka mwanafunzi darasani ni makubaliano ya utekelezaji, yanayotaja nafasi ngapi, kwa programu zipi, kwa muda gani na kwa gharama ya nani. Nimewapokea wanafunzi waliokuwa wamekwisha kuchagua chuo, wakaambiana na wazazi wao, kabla ya kugundua kwamba mshirika waliyemchagua hajawahi kuvuka hatua ya tamko la nia. Orodha inayochanganya aina hizo mbili za hati ni kasoro ya huduma, na kuirekebisha kunahitaji safu moja tu ya ziada kwenye jedwali.

Sasa niende kwenye chumba cha mkutano, ambako wanafunzi hawafiki. Baraza la chuo cha umma huwa na wajumbe wengi kutoka nje ya chuo: wawakilishi wa serikali, wa taaluma mbalimbali, wa sekta binafsi, wa wahitimu, pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi na wa wanafunzi. Kikao huwa na ajenda ndefu. Baada ya kuthibitisha kumbukumbu na kupitia yatokanayo, wajumbe huingia kwenye bajeti, miradi ya ujenzi, ajira na nidhamu, na mahali fulani katikati ya makabrasha hayo mazito hukaa ombi la kuidhinisha ushirikiano mpya. Kabrasha dhaifu la ushirikiano nalifahamu vizuri kwa sababu nimeyasoma mengi ya namna hiyo: ukurasa mmoja na nusu, jina la mshirika, mwaka wa kuanzishwa kwake, nafasi yake katika orodha za ubora wa vyuo duniani, aya moja kuhusu umuhimu wa utandawazi, kisha mstari wa mwisho usemao kwamba Baraza linaombwa kupokea na kuidhinisha. Mjumbe, hata awe makini kiasi gani, hawezi kuuliza swali zito juu ya karatasi isiyompa chochote cha kuulizia, na hivyo ombi hupita kwa dakika chache.

Kabrasha zuri hujulikana kwa viambatisho vyake. Lina mapendekezo ya Seneti yanayoonyesha kwamba wanataaluma wameshapitia mitaala ya pande zote mbili. Lina maoni ya mwanasheria wa chuo kuhusu sheria ya nchi itakayotumika endapo pataibuka mgogoro, umiliki wa matokeo ya utafiti na ulinzi wa taarifa binafsi za wanafunzi. Lina makadirio ya gharama kwa upande wa chuo, yakiwemo malazi ya wageni, na linataja cheo cha mtu atakayejibu barua pepe za wanafunzi kila upande. Zaidi ya yote, lina jedwali la awali la kozi zinazolingana. Nakumbuka kikao kimoja ambapo jedwali hilo halikuwepo, na mjumbe mmoja kutoka nje ya chuo, ambaye taaluma yake haina uhusiano wowote na ualimu, akauliza: "Mwanafunzi akirudi na kozi ambayo sisi hatuna, mtaiandika wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu la kuridhisha. Mwenyekiti aliahirisha ombi hadi kikao kilichofuata, na baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba tutaonekana wasumbufu mbele ya mshirika. Lilipoletwa tena lilikuwa na jedwali la kurasa nne, na makubaliano yale ndiyo yaliyokuja kuwa na malalamiko machache kuliko yote ninayoyasimamia.

Ninamsifu mjumbe yule kwa sababu swali lake lilikuwa la Baraza kweli. Kazi ya Baraza si kuamua kama kozi ya takwimu ya chuo kimoja inatosha kuchukua nafasi ya kozi ya takwimu ya chuo kingine. Hilo ni la Seneti na idara. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba uamuzi huo umefanyika, kwamba fedha zipo, kwamba jina na mali ya chuo havikuwekwa rehani, na kwamba kuna njia ya kutoka. Mpaka huu ukivurugika, huduma huumia kwa namna mbili. Baraza likijitwisha kila barua ya ushirikiano, maombi hukwama yakisubiri kikao, na kwa kuwa mabaraza mengi hukutana mara chache kwa mwaka, tarehe za maombi za chuo mwenyeji hupita hati ikiwa bado iko kwenye foleni. Kwa upande mwingine, likiuachia uongozi wa chuo kila kitu, makubaliano huweza kutiwa saini katika ziara ya kikazi na wahadhiri wakapata habari baadaye kupitia picha. Utaratibu ulionishawishi ni ule ambao Baraza linamkasimu Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kutia saini tamko la nia na ubadilishanaji wa kawaida unaofuata kiolezo kilichokubaliwa, huku Baraza lenyewe likibakiza mikononi mwake yale yanayohusu shahada za pamoja, fedha, ardhi na majengo, au masharti yanayogusa uhuru wa kitaaluma.

Ili tathmini isiwe ya hisia tupu, ninahitaji kipimo, na kipimo kilicho wazi zaidi ninachokifahamu ni Erasmus, programu ya Umoja wa Ulaya ya ubadilishanaji wa wanafunzi. Ilianza mwaka 1987 kwa nchi 11 na wanafunzi 3,244 katika mwaka wake wa kwanza, na tangu hapo imekua hadi kuwahusisha mamilioni ya watu. Wengi huisifia kwa ufadhili wake, nami sipingi, lakini sehemu inayonivutia kama mratibu ni kanuni zake. Kila chuo cha nchi zinazoshiriki kikamilifu lazima kiwe na Hati ya Erasmus ya Elimu ya Juu, ambayo kwayo kinaahidi kutomtoza mwanafunzi mgeni ada ya masomo, ya usajili, ya mitihani, wala ya kutumia maabara na maktaba, na kinaahidi kutambua kikamilifu krediti, yaani vizio vya kupimia kazi ya masomo, alizopata mwanafunzi wake huko alikokwenda, maadamu zilikubaliwa kabla. Mwanafunzi husafiri akiwa na mkataba wa masomo uliosainiwa na pande tatu, yaani yeye mwenyewe, chuo chake na chuo mwenyeji. Hata muda wa kutuma hati ya matokeo umewekewa ukomo: kwa kawaida usizidi wiki tano baada ya tathmini za muhula kukamilika. Chuo chochote duniani, kiwe ndani ya programu hiyo au nje yake, kinaweza kuyaandika masharti hayohayo kwenye makubaliano yake bila kumwomba mtu ruhusa. Baraza linaloidhinisha makubaliano ya ubadilishanaji yasiyotaja muda wa kutuma matokeo linaidhinisha usumbufu ambao mwanafunzi ataukuta mwaka mmoja baadaye, atakapokuwa anasubiri kuhitimu.

Hatua ya maombi sina mengi ya kuisema. Fomu zinaeleweka, vigezo vya uteuzi vinatangazwa, ofisi ya uhusiano wa kimataifa hujibu, na mahojiano hufanyika kwa haki. Viza ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko yote, lakini ucheleweshaji huo mwingi uko nje ya uwezo wa chuo, isipokuwa pale barua ya udahili inapochelewa kutoka upande wa mwenyeji.

Moyo wa huduma hii uko kwenye utambuzi wa masomo, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo mwanafunzi anapofaidika au anapopoteza muhula mzima. Vyuo hupima masomo kwa vipimo tofauti. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mzima wa masomo una krediti 60, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo saa za kujisomea. Nchini Uingereza mwaka huohuo wa masomo una krediti 120, na krediti moja ni saa 10. Kozi ya krediti 6 katika mfumo wa kwanza, kwa hiyo, hulingana na krediti 12 katika mfumo wa pili, na mtu asiyejua hilo anaweza kuona kwenye karatasi kwamba mwanafunzi amesoma nusu ya alichotakiwa kusoma. Alama nazo zina mtego wake. Nchini Ujerumani alama bora ni 1.0 na 5.0 ni kufeli. Nchini Ufaransa alama hutolewa juu ya 20, kufaulu ni 10, na mwanafunzi anayepata 16 ni hodari kwelikweli. Idara inayochukua 12 juu ya 20 na kuigeuza kuwa asilimia 60 kwa hesabu ya moja kwa moja inamwadhibu mwanafunzi kwa kuthubutu kwenda kusoma mahali ambako walimu hawagawi alama kwa ukarimu.

Nilisimamia suala la mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu ambalo linaonyesha jinsi kasoro ndogo inavyoweza kuwa na uzito. Mkataba wake wa masomo ulitaja kozi ya uchumi wa kazi. Alipofika alikuta kozi hiyo haifundishwi muhula ule, akashauriwa achukue uchumi wa miji badala yake, jambo ambalo lilikuwa la busara na ndilo ambalo ningemshauri mimi pia. Fomu ya mabadiliko ipo kwa ajili ya hali kama hiyo. Kwenye safu ya sababu palikuwa pameandikwa kwa kalamu "kozi haitolewi muhula huu", mwanafunzi alikuwa ametia saini, na mahali pa saini ya mratibu wa chuo mwenyeji palikuwa peupe, bila saini wala mhuri, kwa kuwa mratibu alikuwa likizoni na hakuna aliyekaimu. Mwanafunzi alisoma, akafanya mtihani, akafaulu vizuri. Aliporudi, kamati ya idara ilikataa kuitambua kozi ile kwa hoja kwamba haikuwa kwenye mkataba uliosainiwa. Ilichukua barua nyingi na kikao cha ziada mpaka kozi ikaingizwa kwenye rekodi yake kama kozi ya hiari, naye akalazimika kuisoma kozi ya lazima iliyokuwa imebaki. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika mlolongo ule. Kilichokosekana ni kifungu cha mstari mmoja kinachosema kwamba mratibu asipokuwepo anayekaimu ni nani, na kwamba ombi la mabadiliko lisipojibiwa ndani ya muda fulani litahesabiwa limekubaliwa.

Kamati zinazokataa kozi kwa urahisi hujitetea kwamba zinalinda viwango. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haina budi kusomwa pamoja na makubaliano ya kimataifa ambayo nchi nyingi zimeyaridhia. Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997, uliotayarishwa na Baraza la Ulaya pamoja na UNESCO, uliweka msingi ambao sasa umeenea: sifa za masomo na vipindi vya masomo vilivyofanyika kwingine hutambuliwa isipokuwa kama kuna tofauti kubwa inayoweza kuonyeshwa, na jukumu la kuionyesha tofauti hiyo liko kwa taasisi inayokataa. Afrika ilikuwa na mkataba wake wa Arusha tangu mwaka 1981, ukafuatiwa na Mkataba wa Addis Ababa uliopitishwa mwaka 2014 na kuanza kutumika mwaka 2019, na mwaka huohuo wa 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ukapitisha mkataba wa dunia nzima, ambao umeanza kutumika Machi 2023. Chuo cha umma katika nchi iliyoridhia mikataba hii hakiwezi kumwambia mwanafunzi athibitishe kwamba kozi yake inafanana neno kwa neno na ya nyumbani. Swali sahihi ni kama malengo ya ujifunzaji yamefikiwa. Katika makabrasha ya ushirikiano niliyopata kuyasoma, sikumbuki mikataba hii ikinukuliwa ipasavyo, ingawa ingewapa wajumbe wa Baraza msingi wa kisheria wa kudai jedwali la kozi.

Kuhusu alama, msimamo wangu ni kwamba idara itambue krediti na kufaulu, iandike jina la kozi na chuo ilikosomwa, na isiziingize alama hizo kwenye wastani wa shahada, isipokuwa pale ambapo vyuo viwili vimekubaliana kwa maandishi namna ya kuzilinganisha kwa kutazama mgawanyo wa alama wa kila upande. Najua wapo wanafunzi hodari watakaoona wamenyimwa haki ya kupandisha wastani wao. Nimewasikiliza, na bado naona kwamba kuwalinda wengi dhidi ya hesabu isiyo ya haki kunatangulia.

Suala la uwiano linahitaji kutajwa kwa sababu ndilo linaloua makubaliano mengi kimyakimya. Msamaha wa ada hudumu iwapo idadi ya wanaokwenda na wanaokuja inakaribiana katika kipindi cha makubaliano, ambacho mara nyingi ni miaka mitano. Pale wanafunzi wa upande mmoja wanapokwenda kila mwaka na wa upande wa pili hawaji, mshirika huanza kupunguza nafasi, kisha huomba kulipwa. Sababu za wageni kutokuja huwa za kawaida kabisa: kalenda za mihula haziendani, orodha ya kozi haipatikani mapema, na chuo hakiwezi kuwahakikishia chumba cha kulala. Sera za serikali pia huchangia. Uingereza ilipoondoka kwenye Erasmus ilianzisha Mpango wa Turing mwaka 2021, ambao unawafadhili wanafunzi wanaotoka bila kuwafadhili wale wanaoingia, na hivyo washirika walilazimika kutafuta wenyewe fedha za kuwapeleka wanafunzi wao. Baraza lina uwezo mkubwa hapa kuliko ofisi yoyote, kwa kuwa ndilo linaloamua bajeti ya mabweni. Kuidhinisha nafasi za kupeleka wanafunzi bila kutenga vyumba kwa ajili ya wanaokuja ni kuahidi nusu ya makubaliano.

Njia ya kutoka ni kifungu kingine ambacho wajumbe hukipita haraka, pengine kwa sababu si uungwana kuzungumzia talaka siku ya harusi. Historia ya karibuni inatosha kuwashawishi wasikipite. Baada ya kura ya maoni ya Februari 2014 kuhusu uhamiaji nchini Uswisi, nchi hiyo ilikosa nafasi yake kamili katika Erasmus na ikabidi ianzishe mpango wake yenyewe wa kugharimia wanaokwenda na wanaokuja, huku vyuo vyake vikihitaji makubaliano mapya na washirika. Mwaka 2020 janga la korona liliwafumania wanafunzi katikati ya muhula, na vyuo vingi vikagundua kwamba hati zao hazisemi nani anagharimia safari ya dharura wala kama masomo ya mtandaoni yanahesabiwa. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore kilitangaza kusitisha ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani katika kukiendesha chuo cha Yale-NUS, na wahadhiri na wanafunzi wengi walishtushwa na namna uamuzi ulivyofikiwa. Hata hivyo, waliokuwa wamekwisha kudahiliwa waliachwa wamalize masomo yao, na chuo kikafunga shughuli mwaka 2025. Hicho ndicho kima cha chini ninachokitaka katika kila makubaliano: upande wowote unaweza kujitoa kwa notisi, ila mwanafunzi aliyekwisha kuanza anamaliza kwa masharti aliyoanzia.

Ubadilishanaji wa wahadhiri ni sehemu dhaifu zaidi ya huduma hii, na hauhitaji maneno mengi. Makubaliano huutaja, Baraza huuidhinisha, lakini ratiba ya kufundisha ya idara haipunguzwi, mtu wa kushika vipindi hatafutwi, na matokeo yake wanaokwenda ni wale wanaoweza kuiba wiki mbili wakati wa likizo. Ziara ya muda huo inafaa kwa mhadhara na mazungumzo ya utafiti. Haifai kwa kufundisha kozi. Ningependa kuona kabrasha linalosema waziwazi nani atafundisha vipindi vya mhadhiri aliyekwenda, kwa fungu lipi la fedha.

Kwa mwanafunzi anayefikiria kuomba sasa, ninashauri aulize ofisi ya uhusiano wa kimataifa mambo machache kabla ya kujaza fomu: makubaliano ya utekelezaji na chuo anachokitaka yanaisha lini, nafasi ngapi zimebaki, kozi zipi ziliwahi kutambuliwa kwa wanafunzi waliotangulia, na nani anatia saini mabadiliko ya mkataba wa masomo endapo mratibu hayupo. Ana haki ya kuonyeshwa majibu hayo kwa maandishi. Ofisi ikishindwa kumwonyesha hata jedwali moja la kozi zilizotambuliwa kwa mshirika fulani, na achague mshirika mwingine, hata kama jina la yule wa kwanza ni kubwa zaidi. Mwakilishi wa wanafunzi katika Baraza naye anaweza kuomba nakala za taarifa za utekelezaji, kwa kuwa ni mjumbe kamili na makabrasha humfikia kama yanavyowafikia wengine.

Baadhi ya makubaliano tuliyonayo yanakaribia ukomo na yataletwa Barazani kuhuishwa. Kwenye rasimu ninazoziandaa nimeongeza ukurasa wa taarifa za kipindi kilichopita, wenye safu za walioomba, waliokwenda, waliokuja, krediti zilizokubaliwa kabla ya safari na krediti zilizotambuliwa baada ya kurejea, pamoja na tarehe ambayo kila hati ya matokeo ilipokelewa. Safu hizo mbili za krediti nimeziweka bega kwa bega, ili mjumbe asiye na muda wa kusoma kabrasha zima aweze kuona pengo kwa kuutazama ukurasa huo mmoja na kuuliza limetokana na nini.